Mpasua Kokoto wa Kanazi

Mpasua kokoto wa Kanazi huja asubuhi na tairi bovu begani. Hulichoma kwenye mwamba mpaka jiwe lipasuke, kisha hukaa na nyundo, akikohoa, akichambua vipande kama mwanamke anayechambua maharage. Vifundo vya vidole vyake vina makovu kama yangu. Kizazi chetu chote kilijifunza kukwea mwamba huu kwa kufuata ufa wake, njia rahisi kuliko zote: unaingiza ngumi, unaizungusha, jiwe linakushika. Kabla ya kupanda tuliuamkia mwamba kama mzee. Siku hizi watoto hawaamkii hata wazee.

Jana alikuja mwalimu Joyness na kamba mpya, akitafuta mahali pa kuwafundishia wanafunzi wake kupanda.

“Shikamoo, baba. Ile njia ya ufa iko wapi?”

“Marahaba.” Mpasua kokoto akamwonyesha lundo la kokoto kwa nyundo. “Ile pale. Panda.”

Mwalimu alicheka, yeye hakucheka. Mgeni alipoondoka, nilimwona akiingiza ngumi katika sehemu ya ufa iliyobaki, akaizungusha. “Shikamoo,” akasema kwa sauti ndogo. Kisha akaegemeza tairi hapo hapo, akawasha kiberiti.