Sindano Tuliyowaachia Wanawake

Papa zangu, wazee wenzangu, naomba msinipigie makofi. Kaeni kimya kwanza, mnisikilize. Mtaelewa kwa nini.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa deklarani kule mpakani Kasumbalesa, mtu wa kupitisha mizigo ya malori kwenye forodha. Ni kazi ya mdomo. Nimebishana na madereva na wakubwa wa forodha mpaka mvi zikaota. Nina sukari, nameza dawa zangu, na nilikuwa najenga nyumba mtaa wa Ruashi ili nizeekee huko. Mke wangu, Mama Bea, kila alipobeba mimba alichomwa sindano ya pepopunda, ile tunayoita tetanosi. Nilimsindikiza, nikangoja nje na wanaume wenzangu. Hakuna aliyetuambia tukunje mikono ya shati, nasi hatukuuliza. Kwetu ilikuwa sindano ya mimba.

Siku moja kiwanjani nilikanyaga ubao wenye msumari. Ulipenya raba ukaingia kwenye nyama. Sukari imenitia ganzi nyayoni, kwa hiyo niligundua baadaye, nilipoona soksi imelowa damu. Fundi wangu alilimwagia tundu petroli.

“Papa Bea, hii itakauka,” alisema. “Ule musumari ulikuwa mupya, haina kutu.”

Tundu lilifunga juu. Ndani halikufunga.

Wiki iliyofuata taya likakataa kufunguka. Bukari, ugali wetu, ikabaki kwenye sahani.

“Umekula kwa bibi mwingine?” Mama Bea aliuliza.

Nilitaka kucheka. Uso ukavutika, ukabaki hivyo hivyo: meno nje, macho yamejaa machozi. Kisha shingo ikakauka, tumbo likawa gumu kama ubao. Jirani akawasha pikipiki, na mwili wangu ukajirusha. Mgongo ulipinda hadi nikabaki nimeegemea kisogo na visigino tu. Meno yaliukata ulimi, damu ikanijaa kinywani. Na akili zangu zilikuwa timamu. Nilisikia yote, niliona yote.

Papa Mukendi, huyu kiongozi wetu wa maombi, alikuja na wanaume wenye nguvu.

“Ni pepo,” alisema. “Muone vile inatucheka.”

Yeye alinikalia magoti, wengine wakanibana mikono. Mmoja alisukuma mpini wa kijiko katikati ya meno ili wanimiminie mafuta ya maombi. Meno yalivunjika, kipande nikakimeza. “Toka!” walipiga kelele, nami nikapinda. “Toka!” nikapinda tena, mpaka kitu kikalia kwenye uti wa mgongo kama kuni kavu. Nilikuwa nimekwisha kuelewa: kelele ndizo zilizonikunja. Neno moja tu lingeniokoa, “Nyamazeni,” na mimi niliyekula kwa mdomo wangu miaka yote sikuweza kulitamka. Nilijua nitakufa mikononi mwa watu wanaonipenda.

Walichoka, wakaniachia wanywe maji. Katika kile kimya mwili ulianza kulegea. Ndipo kifuniko cha sufuria kikaanguka jikoni. Nilipinda peke yangu, hakuna anayenigusa, hakuna anayeomba.

Mama Bea aliona.

“Bantu, munyamaze. Hii haina pepo. Ni kelele ndiyo inamuua.”

“Mama Bea, imani yako…”

“Papa Mukendi, imani yangu iko. Wee usirudie kwenye magoti ya bwana yangu.”

Alinijaza pamba masikioni, akanifunga kitambaa chake cha kikwembe machoni, akaita teksi. Malori ya mgodi yalipiga honi njiani, na kila honi ilinipigiza kichwa kwenye mlango wa gari.

“Mama, huyu atanifwia mu gari,” dereva alilalamika.

“Endesha. Na wee usipige honi.”

Hospitalini daktari alitazama taya, akatazama mguu, akanong'ona: “Ni tetanosi. Alipataka vaksini, ile sindano ya kumukinga?”

“Yeye? Ile si ni ya banamuke?”

“Mama, musumari haiulizake kama uko na mimba.”

Walinichoma dawa ya kupambana na sumu ya tetanosi, wakakata nyama iliyooza mguuni, wakanitoboa koo ili nipumue. Nililazwa kwenye chumba chenye giza kwa majuma mengi. Nje ya mlango alikaa Papa Mukendi, akinyamazisha kila aliyepita.

Siku ya kuruhusiwa daktari aliniambia jambo nisilolitegemea: kuugua ugonjwa huu hakukingi. Ningeweza kuupata tena. Nilihitaji sindano zote za tetanosi, moja haitoshi, na nyingine ya kukumbushia baada ya miaka kadhaa. Kwa umri wangu na sukari yangu, alisema niulizie pia chanjo ya mafua, ya nimonia na ya Covid, pale zinapopatikana.

Basi nilikwenda kliniki, nikakaa na fimbo yangu kwenye benchi la wajawazito kungoja sindano.

“Papa,” mmoja aliniuliza, “ya kwako iko ya myezi ngapi?”

Walicheka wote, kicheko cha kubomoa nyumba. Nami nilikaa katikati ya zile kelele, na mwili wangu haukukunjika. Nilimshukuru Mungu pale pale, na Mama Bea, na yule daktari.

Papa zangu, wenye mvi, wenye sukari, wenye kushika nyundo na jembe, msisubiri nje tena. Muuguzi amekaa pale mlangoni na sindano za tetanosi. Papa Mukendi amekwisha kukunja mkono wa shati, mfuateni. Makofi mtanipigia mkirudi.