Neno la Kumlaza Kabati

Mama Milango alimjua Fundi Makochi kwa kasoro moja: hakuwa mtu wa kubishana bei. Alikuwa mshona makochi mrefu, mkimya, mwenye goti bovu, na kila alipofika kwenye yadi yake ya milango na mbao za majumba yaliyobomolewa, aliuliza bei, akaguna, kisha akalipa au akaondoka. Mama Milango, aliyeanza biashara kwa vitasa vya kuokota na kufika alipofika kwa ulimi wake mwenyewe, aliona kumuuzia mtu wa namna hiyo ni kama kucheza bao peke yako. Faida ipo, raha hakuna.

Kwa hiyo siku Fundi alipokuja bila kutupia mbao jicho, akasimama getini na kitu kama ndama mwishoni mwa kamba, Mama Milango aliacha kuhesabu bawaba.

"Fundi, umebadili kazi? Sasa unauza ng'ombe?"

"Ni mbwa, mama. Anaitwa Kabati."

"Jina limemkaa. Wa aina gani?"

"Chotara. Mama yake alikuwa wa mitaani tu. Baba hatumjui, ila alikuwa mkubwa."

"Hilo naliona. Na masikio kayatoa wapi? Moja limesimama, lingine limelala kama halihusiki."

Fundi hakucheka. Alieleza shida yake kwa maneno machache, kama alivyofanya kila kitu. Goti limemshinda, binti yake anamchukua akaishi naye ghorofani, na mwenye nyumba hataki mbwa. Ameshazunguka kwa kila anayemjua. Kila mtu anampenda Kabati akiwa kwa mwenzake. Akikosa mahali, atampeleka kwa daktari wa mifugo akachomwe sindano ya kulala moja kwa moja.

Mama Milango alijitia hamnazo, lakini moyoni alikuwa ameshakaza macho kwenye meno ya yule mbwa. Wezi walikuwa wamemkalia kooni. Waliruka ukuta, wakafungua vitasa na mabomba kimoja kimoja kwa utulivu, na mlinzi wake wa mwisho alikuwa mtu aliyelala kama ndiyo kazi aliyoajiriwa.

"Unataka nini?" akauliza.

"Bei sina. Nataka umwandalie mahali pake, na niruhusiwe kuja asubuhi kumtembeza mpaka akuzoee."

Hapo Mama Milango alikwama. Mtu asiyetaja bei utamshusha kutoka wapi? Basi akayageukia masharti, akaanza kuyabana moja moja. Fundi alisema mbwa asifungwe mnyororo mfupi. Mama Milango akasema akiachwa huru wateja watakula kona. Wakakubaliana waya mrefu, kutoka ukuta hadi ukuta, wenye pete ya kutelezea kamba, na utumike saa za biashara tu. Fundi akasema ale mara mbili kwa siku.

"Mara moja," alisema Mama Milango. "Mbwa wa ulinzi awe na njaa. Akishiba atalinda nini?"

"Mbwa mwenye njaa halindi, mama, anauza. Mwizi akija na kipande cha nyama, mbwa wako ndiye atakayemshikia ngazi."

Hoja hiyo ilikuwa ya kibiashara, akaielewa papo hapo. "Mara mbili, basi."

"Na akishakula apumzike. Mbwa mkubwa akishiba akakimbia, tumbo linaweza kujipinda. Likijipinda hutakuwa na muda wa kumtafuta daktari."

Maandalizi yalimchosha kuliko kubomoa nyumba. Kibanda alikipanga nyuma, karibu na choo, kisionekane. Fundi akakihamisha. Mbwa asiyeona geti, alisema, hubwekea kila kitu kwa sababu hajui kipi ni kipi. Kikajengwa kwa milango mikuukuu ya mbao ngumu, sakafu ikainuliwa juu ya matofali ili maji ya mvua yapite chini. Godoro Fundi alilishona mwenyewe kwa sponji la kochi na ngozi ya plastiki, kwa maana mbwa mzito akilala kwenye saruji huota vidonda viwikoni. Halafu akaiangalia ile yadi yote, iliyotapakaa misumari tangu ifunguliwe, akatikisa kichwa. Mama Milango alichukua sumaku ya spika mbovu, akaifunga kwenye fimbo, akapita kila pembe.

"Dada," alisema mdogo wake, aliyekuwa akikaa naye na kusimamia malipo, "mimi nimetembea hapa na ndala miaka yote, hakuna aliyenifagilia."

"Wewe unabweka?"

"Nikilipwa."

Misumari aliyookota ilijaa ndoo. Mama Milango aliinyoosha, akaiuza. Ndipo akamwita daktari wa mifugo, Kabati akachomwa chanjo ya kichaa na kupakwa dawa ya kupe, akaingia kwenye kibanda chake cha milango kama mpangaji aliyelipa kodi.

Siku ya kwanza ya biashara alikuja mkandarasi mmoja, mnene, mwenye sauti ya kuamrisha. Aliligusa dirisha la chuma, na Kabati akainuka kwenye waya wake, akanguruma kwa ndani, taratibu, kama mashine inayowashwa. Mkandarasi akarudi nyuma. Mama Milango akajisikia vizuri mpaka kwenye vidole vya miguu. Akataja bei, na akaitaja juu.

"Mama, hiyo kali," alisema mkandarasi. "Punguza."

Kabati akalala chini. Hakukaa, alilala kabisa, kidevu juu ya miguu ya mbele.

Wote wakamtazama. Mkandarasi, mtu wa majaribio, akarudia polepole, "Punguza kidogo." Mbwa alikuwa ameshafika chini, hakuwa na pa kushukia zaidi, akalaza na lile sikio lililosimama.

"Mbwa wako ameshakubali, mama. Umebaki wewe."

Habari ilisambaa kwa mafundi wote. Watu wasio na hata ukuta wa kuwekea mlango walikuja kusema neno lile na kucheka. Fundi alipokuja asubuhi kumtembeza, Mama Milango alikuwa amemsubiri getini, mikono kiunoni.

"Umemfundisha nini huyu?"

Fundi alifikiri. "Alikuwa akinivuta njiani, na goti hili. Nikawa namwambia apunguze. Baadaye nikamzoesha, akilisikia analala kabisa, mimi napumzika."

"Katika maneno yote yaliyopo duniani, Fundi?"

"Kwangu hakuna anayelisema, mama."

Na ilikuwa kweli. Katika karakana ya mtu asiyebishana bei, lile lilikuwa neno la mbwa peke yake. Kwenye yadi ya Mama Milango ndilo lililosemwa kuliko salamu.

"Mchukue," alisema. "Wezi nao wana masikio. Wataruka ukuta, watamwambia punguza, watabeba na godoro lake."

Fundi akashika kamba ya Kabati, asiondoke. Alijua, na Mama Milango alijua, kamba ile ingeishia wapi.

"Nipe muda nimsahaulishe."

"Wiki moja."

"Haitoshi. Nne."

Mama Milango akamtazama vizuri. "Mbili."

"Tatu, mama. Na maini ya kumfundishia nitanunua mwenyewe."

"Tatu," alisema Mama Milango, na pamoja na hasira zake akahisi kautamu fulani. Mtu yule alikuwa ameweza kubishana.

Kazi ilifanyika asubuhi kabla ya kufungua. Fundi alijifanya mteja, mfukoni ana vipande vya maini. Kila aliposema punguza na Kabati akabaki amesimama, alipewa kipande; akilala, hapati kitu. Tatizo lilikuwa Fundi. Alilisema kama anayeomba radhi.

"Mteja gani huyo?" Mama Milango alimfokea. "Sema kama una watoto wanalala nje bila mlango. Nitukane kidogo."

"Siwezi kukutukana, mama."

"Basi itukane mbao."

Lakini mbwa mkubwa kiasi kile lazima awe na neno la kumlaza, na lisiwe linalosikika pale. "Chini" halikufaa, wabeba mizigo walilisema kutwa. "Tulia" Mama Milango aliwaambia wateja. "Lala" alimwambia mdogo wake kila usiku azime redio. Walipokuwa wamekwama, mdogo wake akasema bila kuinua kichwa, "Mfundisheni 'bure'. Hilo halijatamkwa hapa tangu geti liwekwe."

Mama Milango alimtupia jicho la pembeni, kisha akamwambia Fundi aanze na hilo.

Wiki ya tatu ilipokuwa inamalizika, mkandarasi alirudi na rafiki yake aje aone maajabu. Fundi alikuwepo, amekaa kwenye rundo la mbao, akilisugua goti lake. Mkandarasi akachagua mlango, akasikia bei, akamkonyeza mwenzake.

"Mama. Punguza."

Kabati alikuwa amekaa. Akasimama, sehemu moja baada ya nyingine, mpaka akawa amesimama mzima, akamkodolea mkandarasi macho bila kupepesa, mate yakimdondoka. Alikuwa anasubiri ini. Mkandarasi hakujua habari za maini. Alilipa alichoambiwa, akawaomba wabeba mizigo wautoe mlango yeye akiwa nje.

"Atabaki," Mama Milango alimwambia Fundi, akizikunja noti.

Fundi aliitikia kwa kichwa, akaendelea kulisugua goti.

Hesabu ya mambo haikuwa upande mmoja. Vitasa viliacha kupotea, na bei za pale zilikomaa. Lakini kila alipotaka mbwa alale ili mteja apite, Mama Milango alilazimika kusema lile neno mbele za watu, na hakukosekana wa kudakia, "Nimesikia bure, mama?" Akajifunza kulinong'ona huku ameziba mdomo kwa kiganja. Tena ghorofa la binti lilikuwa na ngazi nyingi, na Fundi alipoanza kukosa asubuhi, kutembezwa kwa Kabati kukamwangukia yeye. Mtu ambaye hakuwahi kutoka nje bila kwenda kununua kitu sasa alizunguka mitaa na kamba mkononi. Akajiliwaza kwamba njiani huziona nyumba zinazotaka kubomolewa kabla ya washindani wake.

Fundi alikuja jioni moja, baada ya kimya kirefu. Kabati alimbwekea kidogo, akamnusa mkono, akatingisha mkia. Fundi, kwa mazoea, akasema, "Punguza, baba." Mbwa akasimama wima, akautazama mfuko wake. Ulikuwa mtupu. Akageuza kichwa kwa Mama Milango, aliyekuwa akija na sufuria ya utumbo na wali.

"Hanisikii tena," alisema Fundi.

"Ndicho tulichomfundisha."

"Ndicho." Akatafuta pa kukaa, akapindua ndoo, akakaa kumtazama Kabati akila. Mbwa hakuinua kichwa. Mama Milango alikuwa na mteja wa kuinunua ndoo ile ile aliyoikalia, anasubiri getini. Alimwendea, akamwambia arudi kesho.