Vidonge vya Mimba Isiyokuwepo

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa na mgongo wazi, akatuacha kabla hatujampa jina. Daktari aliniambia kwamba hakuna aliyeniroga. Safari ijayo nianze vidonge vya asidi foliki kabla ya kushika mimba, kwa sababu mgongo wa mtoto hujifunga mapema, mama mwenyewe akiwa hajajua kitu. Kwetu Kingi mwanamke huficha mimba mpaka tumbo limsaliti. Nikaona hapo tumekwisha: nitaombaje dawa ya mimba ambayo hata haijaingia?

Nilikwenda kituo cha afya na karatasi ya daktari. Muuguzi aliisoma, kisha akaniangalia tumbo.

"Mama, hii dawa tunapatiaka wenye mimba. Ukisha kubeba, njo utarudia."

"Daktari anasema mbele ya kubeba."

"Mbele ya kubeba, wewe hauko mugonjwa wetu."

Nilikasirika, lakini nilimshukuru. Sisi tumelelewa vizuri. Mume wangu alipokwenda Kashebere kuuza maharagwe, nilimpa ile karatasi. Mwenye famasi alimpa vidonge vya njano pamoja na pongezi, na mwendesha pikipiki mmoja wa huku kwetu alikuwa amesimama pale pale. Habari ilifika Kingi kabla ya dawa.

Jioni hiyo mama mkwe alikuwa ameshanipokonya jembe. Wamama wa kanisa wakaleta ndizi. Mimi niliyefundishwa kuficha mimba iliyopo, sasa nilishindwa kukana isiyokuwepo. Nikikana, mama mkwe anatabasamu.

"Muzuri," alisema. "Chunga siri."

Kila asubuhi nilimeza kidonge changu. Miezi ikapita, tumbo limelala vile vile, ndizi zikakatika na minong'ono ikaanza. Jembe nilirudishiwa. Nililia shambani, halafu nikaendelea kumeza.

Mimba ya kweli ilipokuja, niliitangaza mwenyewe. Hakuna aliyeshtuka. Walisema ni ile ile, imechelewa tu njiani.

Siku ya kujifungua wengine waliuliza kama ni mvulana au msichana. Mimi niliuliza mgongo. Mama mkwe alimgeuza mtoto, akapitisha kidole kutoka shingoni mpaka kiunoni, polepole, akarudia tena.

"Iko muzima," alisema huku akilia. "Njo faida ya kumubeba wakati murefu."

Sikumbishia. Nilikuwa nimeanza kumbeba kabla hajawepo.