Kopo la Viwavi

Nikipita sokoni Morogoro nikasikia harufu ya kabichi iliyooza, hunirudia ile hasira ya utotoni, kama vile mama ananiita tena nikatoe viwavi. Shamba letu la Mgeta lilikuwa limening'inia mlimani, na kila asubuhi ya likizo nilikuwa nimeinama humo, umande ukinilowesha hadi magotini.

Viwavi wenyewe walikuwa wa kijani, wembamba, hawazidi punje ya mchele. Ukimgusa mmoja, anajirusha na kuning'inia kwa uzi wake, akingoja uchoke. Mama aliniagiza niwaponde kwa vidole. Niliona kinyaa, nikawa nawatia kwenye kopo pamoja na majani, eti nitawamaliza baadaye.

Siku nilipofunua, niliwakuta wamejifunga kwenye vifuko vyeupe kama wavu, hawatikisiki. Nikasema wamekufa, na sanda wamejishonea wenyewe. Nikamwaga maiti zangu kwenye tuta la juu, nikaenda kucheza rede.

Hazikupita wiki tatu, kabichi za tuta lile zikawa chekeche. Ukigusa jani, nondo wadogo wa kijivu wanaruka. Mama alipiga dawa, akarudia, wapi! Ndipo akamwita bwana shamba. Huyo alitueleza mbele ya majirani kwamba yai huwa kiwavi, kiwavi hujifunga kwenye kifuko, na kifukoni hutoka nondo wa kutaga tena. Kisha akaokota chini vifuko vitupu, lundo zima, akauliza nani kavimwaga hapa.

Mama alinitazama. "Ni mimi, bwana shamba," akasema. "Sikujua."

Majirani walicheka: mkulima wa miaka yote ile! Mama naye akacheka nao. Hakunipiga. Ila kesho yake alinikabidhi tuta zima nilisafishe peke yangu, hadi likizo ikaisha. Nililia kwa hasira. Kama kosa alishasema ni lake, mbona adhabu yangu? Nilimwona mwonevu.

Mwaka huu mwanangu aliacha bomba wazi, maji yakaingia kwa jirani. Nikamwomba jirani radhi, nikasema nimesahau mimi, kisha nikampa mwanangu tambara akakaushe. Alinitazama kwa chuki niliyoijua vizuri. Hapo ndipo nilipomwelewa mama: aibu aliibeba yeye, kazi akaniachia mimi.