Menyu ya Mama Mkwe

Mary Ann alipozikwa Sirisia, mwezi wa tatu mwaka wa 2006, mumewe Wabwile hakutoa hata chozi moja. Alipanga viti, akaelekeza magari, akarudisha sufuria zote zilizoazimwa. Watu wakasema amejikaza kiume. Kujikaza gani! Alikuwa amekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, na ganzi hiyo haikumtoka jioni ile wala wiki zilizofuata.

Siku hiyo hiyo Mama Nyaruai, Mkikuyu, mzazi wa marehemu, alimchukua mjukuu wake Edah, wa miaka mitano, akarudi naye Kitale. "Wacha nikae naye kwanza," alisema. Hiyo "kwanza" ikawa miezi minane. Januari ilikuwa inakuja, mtoto aingie darasa la kwanza, na Wabwile alijua akianza shule Kitale ndiyo basi tena, hatarudi kwake Bungoma. Alilijua jambo hilo vizuri, lakini kila alipotaka kulihangaikia, moyo ulikataa kuwaka.

Tena angeanzia wapi? Kwao Wabukusu, mwanamume na mama mkwe hawashikani mikono, hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni. Neno zito kama la mtoto hupelekwa na mzee. Mjomba wake Walubengo ndiye aliyepaswa kwenda, naye kila akikumbushwa alisema, "Si nitaenda tu, bana, wacha nivune." Mahindi yalivunwa, yakakaushwa, yakaliwa. Mzee bado yuko Sirisia. Zamani maneno yote kati ya Wabwile na mkwewe yalipitia kwa Mary Ann, ambaye alimwambia mamake huku akicheka, "Huyo ni haya tu, mzoee." Sasa hakukuwa na mtu wa kuyapitisha.

Wabwile alitengeneza kompyuta Bungoma mjini. Mashine kuukuu zilizotupwa na maofisi, zile zisizo na nguvu ya kubeba programu kubwa, aliziwekea Linux, mfumo mwepesi wa kuendesha kompyuta, na zikakimbia. Mary Ann alikuwa amemsumbua kwa muda, "Mtengenezee mama moja, ile taipu itamvunja vidole." Mama Nyaruai alikuwa amepiga taipu katika ofisi ya serikali miaka ishirini na minane, na baada ya kustaafu alifungua kijiofisi katika chumba cha mbele cha nyumba yake, karibu na korti ya Kitale, akiwapigia watu barua, hati za kiapo na programu za mazishi. Ile ya binti yake aliipiga yeye mwenyewe, bila kosa hata moja.

Basi mwezi wa kumi Wabwile alipeleka mashine. Hakusukumwa na upendo wala huruma, usidanganyike. Ilikuwa kazi iliyobaki, akaimaliza. Aliiunganisha mama mkwe akiwa jikoni, akamsalimu kupitia mlangoni, akambeba Edah kidogo, akashika njia.

Aliporudi Novemba, alikuta kompyuta imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, na juu yake chombo cha maua. Taipu ilikuwa mezani, mahali pake pa siku zote. Aibu! Fundi mzima amemletea mzazi meza ya maua.

Aliiwasha, akabonyeza kitufe cha kulia cha mausi, na menyu ikatokea na vitu vyake arobaini, vyote kwa Kiingereza: saa, kikokotoo, michezo ya karata, hata programu ya kuchungulia nyota. Karani wa miaka sitini angeanzia wapi hapo? Mtu mwingine angemkalisha mzee kando yake amwonyeshe moja moja. Wabwile hangeweza kukaa kando yake. Kwa hiyo itabidi menyu yenyewe iseme.

Menyu ya mashine zile ni faili tu ya maandishi. Kila mstari una jina litakaloonekana, likiwa ndani ya mabano, halafu amri itakayotekelezwa. Alifuta yote arobaini, akaanza kuandika upya, akifuata siku ya mkwewe tangu asubuhi. "Mama, andika barua hapa." "Hati za korti ziko hapa, Mama." "Programu ya mazishi." Hapo mkono ulisimama. Aliingoja nafsi yake imletee kitu, hata uchungu. Haikuleta. Akaendelea: "Mama, ukichoka, zima hapa." Mwisho akaongeza mstari aliouwekea kila mteja, "Badilisha menyu hii," ambao hufungua faili yenyewe.

Alikuwa anahifadhi aliposikia hatua. Mama Nyaruai alikuwa amesimama mlangoni na mikono yenye unga. Wabwile akaruka, akageukia ukuta.

"Ona huyo!" mama akafoka. "Kwani mimi nanuka? Nimekukosea nini, Baba Edah? Hata siku ya mazishi niliunyosha huu mkono, mbele ya watu wote, ukanipatia mgongo!"

"Mama, kwetu mkwe hapewi mkono," Wabwile aliuambia ukuta. "Ni heshima."

"Heshima?"

"Heshima, Mama. Ningekupa mkono, wazee wangenitoza kondoo."

"Hayo mambo nimeyasikia tangu tuhamie hii Kitale," akasema mama polepole. "Lakini nilijua ni ya wazee wa zamani. Wewe si ni mtu wa kompyuta! Mimi nikasema huyu mtu hana uchungu, mtoto wangu amekufa na yeye anarudisha sufuria. Nikasema simpi Edah mtu kama huyo."

Loo! Miezi minane, kumbe ni mkono tu. "Januari anaingia darasa la kwanza," Wabwile akasema. "Nataka aanzie Bungoma. Jirani yangu Sellah atamwangalia nikiwa kazini."

Mama aliingia chumbani. Alijipangusa unga, akaketi kwenye kompyuta, akabonyeza. Akakaa akisoma kwa muda mrefu kuliko mistari mitano inavyohitaji.

"Hii 'Mama, Mama' yote umeandika wewe?"

"Ni mimi."

"Haya. Rudi mwisho wa mwaka."

Alirudi Desemba ikiwa imebaki siku moja. Nyumba ilikuwa wazi. Edah alikuwa ameketi juu ya sanduku dogo, amesukwa, amevaa viatu vipya, na kompyuta ilikuwa inawaka.

"Cucu amesema ubonyeze," mtoto akasema, akimaanisha bibi yake.

Wabwile akabonyeza kitufe cha kulia. Juu ya mistari yake yote palikuwa na mstari mpya, mabano yake yamefungwa sawasawa kama alivyoyafunga yeye: "Baba Edah, soma hapa." Akaubonyeza, ikafunguka barua, imepangwa kiserikali.

"KUH: KUKABIDHIWA KWA MTOTO EDAH. Uji wake uwe na maziwa. Usizime taa kabla hajalala. Jino la mbele linatikisika, usiling'oe, liache. Akiuliza mama yake, usimwambie ati amesafiri. Mimi nilimwambia ukweli. Mwisho wa kila mwezi mlete anione. Leo mimi niko kanisani. Ulisema mkwe hatazamwi usoni, na mimi leo sitaki mtu anitazame. Nipe hiyo heshima. Wako mwaminifu, Nyaruai, Karani Mstaafu."

Aliisoma mara mbili. Akabeba sanduku, akamshika Edah mkono, na badala ya kushika njia ya Bungoma akaenda mpaka kanisani. Mlango ulikuwa nusu wazi. Akasimama nje, akatua sanduku, akaugeuzia mgongo kama inavyotakiwa, akaita, "Mama, nimesoma."

Viatu vilikwaruza sakafuni, vikaja, vikasimama nyuma yake ndani ya mlango. "Kulikuwa na kosa?"

"Hapana, Mama. Hakuna kosa hata moja."

Hapo ndipo mguu uliokufa ganzi ulirudiwa na damu, na wacha iume. Wabwile alilia kwa sauti, mchana kweupe, watu wakipita barabarani. Nyuma yake mama naye akaanza. Hakuna aliyegeuka. Edah alimtazama huyu, akamtazama yule, kisha akaketi juu ya sanduku lake akawangoja wamalize.