Madoa ya uso yangu ikatokea kwa mugongo ya mujukuu

Wakuu, mbote kwenu bote, na bale ba mbali, jambo.

Niko mama muzee wa Mangobo, hapa Kisangani. Masomo nilifika mpaka darasa ya tatu primaire, donc herufi ikikosa njia, muiache ipite. Lakini hii habari niliiona na macho yangu, na pale nitapata haya, nitasema vilevile.

Kazi yangu ni samaki. Asubuhi mapema nashuka kwa bandari, pirogi, ile mitumbwi ya Yanonge, zinafika, nanunua, napalua magamba, natoa matumbo. Kisha narudi nyumbani kunawa mbele ya kwenda soko.

Sasa samaki iko na harufu yake. Marehemu bwana yangu, Mungu amupumzishe, alikuwa mutu muzuri, lakini ile pua! Nikikaa karibu yake, anageukia ukuta. Mama yake, njo yeye alinifundisha: kata ndimu, sugua mikono mpaka kwa kiwiko, pitisha na kwa uso. Harufu inakimbia.

Bwana alikufa zamani. Ndimu, niliendelea nayo.

Bon. Mwaka uliopita paa ya hangari yetu kwa soko ilianguka, tukahamia inje, kwa jua. Kisha miezi kidogo uso yangu ikaanza kubadilika. Shavu mbili na kipaji, madoa meusi, mengine kama tone la maji limeteremuka mpaka kwa shingo.

Mwenzangu wa meza, Mama Feza, akanitazama akapiga makofi.

"Koko, uko unajipaka melanje? Unatafuta bwana mupya?"

Koko, njo vile tunaita bibi huku. Na melanje ni yale mafuta ya kuchanganya, ya kufanya ngozi iwe nyeupe. Meza zote zikacheka. Nikacheka pamoja nabo. Kufika nyumbani nikachukua kioo, sikucheka tena.

Hapa njo ile haya. Nilienda nikanunua melanje. Kopo ndogo, bei ya chini, haina hata jina, ni picha tu ya mwanamuke mweupe anatabasamu. Juma moja ikaniunguza kama pilipili. Ngozi ikabanduka. Chini yake doa iko palepale, nyeusi kuliko mbele.

Na nilikuwa na woga ingine, sikuambia mutu. Huko Yanonge, nilipokuwa mutoto, tulikuwa na tonton, mujomba mumoja mwenye ukoma. Nilisikia ilianza na doa tu. Sahani yake ilikuwa ya peke yake. Batoto tulikatazwa hata kukanyaga mbele ya mulango yake, na yeye alikuwa anatuita na majina, mumoja mumoja, tunakimbia.

Batu banasema ukoma inaua kusikia kwa ngozi. Alors kila asubuhi nachukua mwiba ya samaki, nachoma shavu. Nasikia. Kesho nachoma tena. Nasikia. Lakini roho haitulii, najiuliza pengine leo nimesikia kidogo kuliko jana.

Katikati ya hiyo, muke wa mutoto yangu, Aline, akazaa. Tunaishi parcelle moja, kiwanja kimoja. Mimba mbili zilikuwa zimetoka mbele, donc huyu mutoto muwaze mwenyewe vile tulimungojea. Binti. Tukamuita Neema.

Mupango yetu ilikuwa hii: Aline anamuogesha asubuhi, mimi narudi kutoka bandari, nanawa mbio, namupokea akiwa bila nguo, namulaza kwa mapaja, mugongo juu, kwa jua ile ya asubuhi, mifupa ikomae. Bibi zetu bote bamefanya vile. Ilikuwa saa yangu nzuri ya siku nzima.

Siku moja Aline akaona mugongo ya mutoto imekuwa nyekundu. Kisha siku mbili, ikawa madoa. Ya kahawia. Rangi ileile ya uso yangu.

Mama ya Aline alikuwa amekuja kumuangalia. Akatazama mutoto, akatazama mimi.

"Mama, ile kitu ya uso yako imeruka."

Mimi mwenyewe njo nilikuwa nafikiri vile.

Aline akamufunga mutoto kwa kitenge, akamukaza kwa kifua. Mutoto yangu mwanaume, Dieudonné, akatazama chini.

"Mama, usimushike kwanza," akasema. "Mpaka tujue."

Wakuu, siku mbili nilisikia Neema analia ng'ambo ya ukuta, na mimi nimekalia mikono yangu. Hata chakula nilianza kuchukua kwa sahani moja ile ile, naificha peke yake. Hakuna mutu aliniomba.

Siku ya tatu bakampeleka kwa centre de santé, kituo cha afya, kule Makiso. Nikaenda nyuma yao na toleka, ile baiskeli ya kubeba abiria. Nilisema kichwani, kama ni ukoma, niambiwe mbele ya bote, imalizike.

Infirmière, muuguzi wa pale, alikuwa mwanamuke mufupi, wa maneno kidogo. Alianza na mimi. Akaniambia nifunge macho, akapitisha pamba kwa shavu, niseme nikisikia. Nilisema "ndiyo" hata mbele ya pamba kufika, juu ya woga. Akanigombeza kidogo, tukarudilia. Kila mahali nilisikia.

Kisha akamugeuza mutoto. Akatazama mugongo wakati murefu.

"Koko, leta mukono."

Akauweka mukono yangu juu ya mugongo ya Neema, bila kugusa sana. Madoa mane marefu, moja fupi kwa pembeni. Kidole kwa kidole. Ilinitosha kama glovu.

"Amemupiga!" mama ya Aline akasimama. "Amepiga mutoto ya juma tatu!"

Mbele nilikuwa mugonjwa, sasa nikawa muchawi.

Infirmière akaleta vidole vyangu kwa pua yake.

"Unanawa na nini?"

"Ndimu."

"Na kwa uso?"

"Ndimu."

"Kisha unaenda wapi?"

Nikasema: jua. Na nikasikia mwenyewe vile nilisema.

Akatufasiria polepole: maji ya ndimu ikibaki kwa ngozi na jua ikiipiga, inaunguza. Haiumi sana, kwanza wekundu, kisha inaacha weusi. Chini ya hangari nilikuwa na kivuli, njo maana miaka yote sikuona kitu. Na melanje niliongeza juu ya kidonda. Hakuna ukoma. Hakuna aliyepiga mutu.

Dawa? Hakuniandikia kitu. Kuacha ndimu, kutupa kopo, kunawa na sabuni ya kawaida, mafuta ya kawaida, kofia pana ao kitambaa, kukaa kwa kivuli, na kungoja miezi. Mutoto, asipate jua kwa yale madoa. Akasema pia: doa yenye haisikii kitu, ao inayokua, usiikalie nyumbani na mwiba ya samaki. Nilikuwa nimemuambia ya mwiba.

Mama ya Aline hakuniomba musamaha. Mpaka leo, hakuna. Lakini tulipotoka kwa barabara kungojea moto, ile pikipiki ya abiria, Aline alifungua kitenge, akanipa mutoto bila kunitazama.

"Koko, mushike. Mugongo inaniuma."

Nilimushika na kitambaa katikati. Nilikuwa ningali naogopa mikono yangu.

Ya Neema imeisha yote. Yangu inapungua, kwa shavu ya kushoto ingali, na yeye anapenda kuiweka kidole.

Ile nimejifunza: mutu mwenye madoa, mbele ya kuuliza apake nini, ajiulize nini anapaka tayari, na kisha anaenda kukaa wapi. Kuacha hakuna bei.

Sasa nyinyi munaouza samaki, munatoa harufu na nini? Najaribu sabuni na majivu, lakini Mama Feza anasema bado nanuka. Semeni, nasoma yote, hata ya kunigombeza.