Bunduki Nzuri ya Mzee wa Fizi

"Uliwahi kushika bunduki?" karani alimwuliza mzee mmoja wa Fizi, katika ofisi ya Lilongwe ambako sisi wakimbizi wa kambi ya Dzaleka huenda kuomba kuhamishiwa ng'ambo. Benchi zima lilijua kwamba jibu salama ni hapana, kwani anayeshukiwa kuwa mpiganaji hukataliwa.

Mzee akanyoosha mgongo. "Ndiyo, mwanangu. Ya kuwindia mbogo. Mi nilirithi ile ya zamani ya kiwanda cha Babeleji waliotutawala, mbao yake laini kama shavu la mtoto! Siku hizi kiwanda kile kile kinatoa takataka."

Mkewe akamkanyaga mguu. "Mzee, sema ulikuwa unalima tu!"

"Kwa hiyo ulikuwa askari?" karani akauliza.

"Askari? Nibebe takataka yabo ya siku hizi? Ningesikia haya!"

Karani akacheka, kisha akaandika kwa muda mrefu huku mke wa mzee akiitazama kalamu. Zamu yangu ilipofika, nilikana hata kisu cha vitunguu.